Wazee wa kofia ya shaba nao waliumia: jibu kwa dada wa mpiga mbizi

SWALI: "Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Huu ni msimu wake wa pili wa kupiga mbizi kutafuta majongoo ya pwani, anavuta hewa kwa mpira kutoka kwenye kompresa iliyofungwa botini. Anasema wanashuka pima kumi na tano mpaka kumi na nane, mara tano au sita kwa siku. Wiki mbili zilizopita alirudi jioni analalamika goti na bega, kama jino linalouma ndani ya mfupa. Asubuhi likapoa, akarudi kazini. Sasa maumivu yanamrudia karibu kila akitoka baharini, ila anasema akishuka tena yanapungua. Mama anasema ni shetani wa bahari na ameshamwita mganga. Mwenyewe ananionyesha kwenye simu picha ya mpiga mbizi wa zamani, kavaa kofia ya shaba na viatu vya risasi, ananiambia: 'Hawa walivuta hewa ya pampu kama sisi, wakashuka kuliko sisi, na hawakufanywa kitu. Hewa safi haimdhuru mtu.' Ni kweli? Watu wale walifanyaje kazi ile, na mimi nimwambie nini?"

Dada yangu, pole kwa wasiwasi. Kabla sijaigusa hiyo picha nianze na la haraka: mdogo wako asishuke tena baharini mpaka aonwe na daktari. Siwezi kumpima mtu kwa maandishi, lakini nimewahudumia wapiga mbizi kwa miaka mingi, na hayo maneno ya jino linalouma ndani ya mfupa nimeyasikia kwa watu waliotoka pwani mbalimbali, wasiojuana. Na hilo la maumivu kupungua akishuka tena, ambalo yeye analiona ni dalili njema, ndilo lililonitia hofu zaidi katika barua yako yote. Nitalieleza.

Sasa picha. Namwelewa anapovutiwa nayo, hata mimi picha hizo hunivutia. Lakini anayoyasoma ndani yake siyo yaliyotokea. Watu wale waliumia, wengi wao vibaya mno, na walioumia walianzia pale pale alipo yeye leo: goti na bega.

Kofia ile haikuanzia baharini. Mwaka 1823 Mwingereza Charles Deane alisajili kofia ya kumwezesha mtu kuingia kwenye nyumba iliyojaa moshi, akipelekewa hewa kwa mpira. Yeye na ndugu yake John wakaona kwamba kinachofaa kwenye moshi kitafaa na kwenye maji. Fundi aliyewatengenezea, Augustus Siebe, Mjerumani aliyehamia London, akaendelea kuiboresha mpaka mwishoni mwa miaka ya 1830 likapatikana vazi lililofungwa mwili mzima. Kabla ya hapo kofia ilikaa juu ya koti lililokuwa wazi chini. Mpiga mbizi akijikwaa na kuanguka, maji yaliingia na kumfika puani.

Niliwahi kukiinua kiatu kimoja cha vazi lile katika makumbusho. Nilitumia mikono miwili. Soli ni risasi, ncha ya mbele imekingwa kwa shaba, na kiatu kimoja kina uzito wa kilo saba au nane. Mpiga mbizi alianza kwa kuvaa nguo za sufu, moja juu ya nyingine, na kofia ya sufu kichwani, maana chini kuna baridi hata kwenye bahari za joto. Juu yake likaja vazi la turubai lenye mpira katikati. Viganja vilibaki nje, na ili mikono ipite kwenye vifundo vya mpira vilivyobana, ilipakwa maji ya sabuni. Kisha bamba la shaba la mabegani, likakazwa kwa nati, mara nyingi kumi na mbili. Risasi nyingine kifuani na mgongoni. Mwisho kofia yenyewe, inazungushwa kidogo hadi inase, na kioo cha mbele kinafungwa baada ya pampu kuanza kuzunguka. Jumla yake inakaribia kilo themanini. Juu ya sitaha mtu huyo hawezi kwenda hatua tatu bila kushikwa mkono. Akiingia majini, uzito wote huo unakuwa kama haupo.

Pampu ilizungushwa kwa mikono, na hapo ndipo kazi ya wenzake ilipokuwa. Kila mita kumi za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mita thelathini chini, mgandamizo ni mara nne ya huku juu, kwa hiyo ili kofia ijae hewa ileile walihitaji kusukuma mara nne zaidi. Wakichoka, au pampu ikivuja, hewa aliyoitoa mpiga mbizi ilibaki ndani ya kofia akaivuta tena. Alihema, kichwa kikamgonga, wenzake wakamwita dhaifu. Pembeni alisimama mshika kamba, na kamba ile ndiyo iliyokuwa mazungumzo yao yote: idadi ya mivuto kwa kila neno. Mpira ukipasuka karibu na juu, na kofia haina vali ya kuzuia hewa isirudi, mgandamizo wa bahari uliusukuma mwili wa mtu kuelekea ndani ya kofia, kwa kuwa humo ndimo palipokuwa na nafasi. Vali hiyo ndogo imeokoa watu wengi. Muulize mdogo wako kama mpira wake una vali hiyo.

Askari wahandisi wa jeshi la nchi kavu la Uingereza walilitumia vazi hilo kuanzia 1839 hadi 1843 kwenye mabaki ya manowari Royal George, iliyozama 1782 karibu na Portsmouth, kwenye kina cha mita kama ishirini. Walipapasa kwenye tope wasiloweza kuona ndani yake, saa nyingi kwa siku. Viungo vilianza kuwauma, na walipouliza wakaambiwa ni baridi yabisi. Wale walisingizia baridi, mama anasingizia shetani. Simlaumu mama hata kidogo. Ugonjwa unaomjia mtu akiwa ameshatoka baharini, ameketi anakunywa chai, hauonyeshi umetokea wapi.

Lakini ukitaka kujua kofia ya shaba iliwafanya nini watu maskini waliotafuta riziki baharini kama mdogo wako, twende kwenye visiwa vya Symi na Kalymnos, upande wa mashariki wa bahari ya Wagiriki. Kwa karne nyingi wanaume wa huko waliishi kwa sifongo, yule mnyama laini wa baharini ambaye mwili wake ukikaushwa watu huogea kama dodoki. Waliruka uchi wakiwa wamekumbatia jiwe bapa lililofungwa kamba, wakashuka haraka, wakakata walichoweza, wakavutwa juu. Kazi ilikuwa ngumu, na wengine walizama. Lakini pumzi yao ndiyo iliyokuwa saa yao. Dakika mbili, tatu, inakwisha, lazima urudi. Mwili wenyewe ulikataa kukaa chini muda wa kutosha kuumia kwa namna ninayotaka kukueleza.

Miaka ya 1860 vazi la kofia likafika huko, na saa ile ikaondolewa. Mtu sasa aliweza kukaa nusu saa mahali ambapo babu yake alikaa dakika mbili, akapanda, akapumzika kidogo, akashuka tena. Sifongo zikamiminika, manahodha wakatajirika. Mpiga mbizi alipewa fedha za mbele kabla chombo hakijang'oa nanga baada ya Pasaka. Aliziacha nyumbani kwa mke na watoto, naye akaenda na chombo mpaka pwani za Afrika ya Kaskazini, Misri, Libya na Tunisia, akarudi majira ya baridi yakikaribia. Fedha zilikwisha liwa, kwa hiyo kukataa kushuka hakukuwezekana. Akiumwa goti, alishuka na goti lake.

Kalymnos kuna ngoma inaitwa mechanikos, na mechanikos ndilo jina walilomwita mpiga mbizi wa kofia. Wanaume hupanga mstari wakishikana mabegani, wanacheza kwa nguvu. Anayeongoza anashika fimbo. Mguu wake unatetemeka, goti linakataa kunyooka, anayumba, anajitegemeza, anajaribu kufuata hatua za wenzake na hawezi. Kisiwa kizima kinajua anaigizwa nani, maana kila mtaa ulikuwa na mtu wa namna hiyo amekaa barazani. Mtafutie mdogo wako video ya ngoma hiyo. Aitazame pamoja na picha yake ya kofia.

Au mwambie habari ya Antikythera. Mwaka 1900 chombo cha wavuvi wa sifongo kutoka Symi, nahodha Dimitrios Kondos, kilijificha na dhoruba karibu na kisiwa hicho. Mpiga mbizi Elias Stadiatis akashushwa, akavuta kamba upesi ili apandishwe, akatoka anatetemeka: kaona rundo la maiti za watu na farasi chini ya bahari. Kondos akavaa vazi mwenyewe, akashuka, akarudi na mkono wa shaba nyeusi. Zilikuwa sanamu, shehena ya meli iliyozama miaka elfu mbili nyuma. Mpaka 1901 wapiga mbizi wale walikuwa wakizitoa moja baada ya nyingine, pamoja na kile kifaa cha kale cha magurudumu ya meno, cha kukokotoa mwendo wa jua na mwezi, ambacho dunia inakishangaa hadi leo. Kina kilizidi mita arubaini. Walikuwa watu hodari, walioijua kazi tangu ujana, tena walikaa chini dakika chache tu kila mara. Hata hivyo mmoja alikufa na wawili walipooza. Sanamu ziko makumbusho ya Athens. Hao wawili waliopooza hakuna aliyewapiga picha ya kuwekwa kwenye simu.

Hilo ndilo kosa la picha, dada. Zinapigwa sitahani, mtu akiwa mzima, mara nyingi kabla ya kushuka.

Sasa nieleze kinachotokea mwilini, kwa kuwa mdogo wako akilielewa hili ataacha mwenyewe bila kugombana na mtu. Anasema hewa safi haimdhuru mtu. Huku juu ni kweli. Hewa tunayovuta, karibu sehemu nne kati ya tano ni naitrojeni, gesi ambayo mwili hauitumii. Inaingia na kutoka. Ukishuka, mgandamizo unailazimisha iyeyuke kwenye damu, kisha kwenye mafuta, viungo, uti wa mgongo. Kadiri unavyokwenda chini, na kadiri unavyokaa, ndivyo inavyozidi kuingia. Huihisi. Haina uchungu.

Chukua chupa ya soda iliyofungwa. Ndani ni maji matulivu, huoni kiputo hata kimoja, ingawa gesi imejaa. Fungua kizibo kwa ghafla: inafoka mpaka mkononi. Ifungue polepole, kidogo kidogo, inapumua bila kumwagika. Mpiga mbizi anayepanda ni ile chupa, na kasi ya kupanda ndiyo mkono ulio kwenye kizibo. Viputo vikitokea kwenye kiungo, goti linauma. Vikitokea kwenye uti wa mgongo, miguu inakufa. Madaktari wawili Wafaransa, Pol na Watelle, waliowatazama wachimbaji waliofanya kazi kwenye hewa iliyogandamizwa, waliandika mwaka 1854 kwamba mtu hulipa wakati wa kutoka tu. Mwaka 1878 Mfaransa mwenzao, mwanasayansi Paul Bert, akaonyesha kwamba kinacholipwa ni viputo vya naitrojeni.

Ndiyo maana maumivu yanapungua akishuka tena: mgandamizo unavibana viputo vikawa vidogo. Havijaondoka. Anaviongezea naitrojeni mpya, na akipanda vinavimba kuliko mwanzo. Huko Broome, Australia, wapiga mbizi wa chaza za lulu, wengi wao Wajapani, walimrudisha majini mwenzao aliyeumia na kumning'iniza humo saa nyingi, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Mwaka 1914 mji huo ukaletewa chumba cha chuma cha kumgandamiza mgonjwa kwenye nchi kavu. Makaburi ya Wajapani pale Broome yana watu zaidi ya 900. Dhoruba ziliua wengi, na ugonjwa huu pia.

Aliyewapa wapiga mbizi saa nyingine badala ya ile ya pumzi ni mwanasayansi John Scott Haldane. Jeshi la majini la Uingereza lilimwita, akaanza na mbuzi ndani ya chumba cha mgandamizo, akigundua kwamba mwili unastahimili mgandamizo ukipungua hadi nusu, ila sio zaidi kwa mkupuo. Mtu aliye mita 45 yuko kwenye mgandamizo mara tano na nusu. Nusu yake anaikuta kwenye mita 17 au 18. Afike hapo, asimame. Asubiri naitrojeni itoke kwa njia ya mapafu. Apande kidogo, asimame tena. Mwaka 1906 maofisa Damant na Catto walijaribu njia hiyo kwenye pwani ya Scotland wakashuka mpaka mita 64, na wakarudi wazima. Majedwali yake yalichapishwa 1908. Kuanzia hapo aliyeyafuata aliweza kuivaa kofia ile mpaka uzeeni. Huenda mtu wa kwenye picha ya mdogo wako ni mmoja wao. Lakini alizeeka kwa kusimama kwenye kamba, dakika baada ya dakika, baridi ikimla, na kazi yote imekwisha.

Mdogo wako anashuka pima kumi na nane, hiyo ni mita 33, mara tano au sita kwa siku. Hukuniandikia anakaa muda gani wala anapandaje, na hilo ndilo la kumuuliza kwanza. Kila safari inaanza na naitrojeni ambayo ile ya kabla yake iliiacha. Ya asubuhi inaweza kupita salama na ya alasiri ikamlemaza, kwa kina kilekile. Goti kupoa usiku hakumaanishi amepona. Wako wapiga mbizi ambao miaka baadaye kichwa cha mfupa wa nyonga au bega kilikufa na kubomoka, wakatembea wakichechemea.

Na kompresa ina hatari zake mbali na hayo. Pampu ya mikono haikuishiwa petroli. Injini ikizimika, mtu anakurupuka juu kwa hofu, akiziba pumzi mapafu yanapasuka. Bomba la moshi likiwa karibu na mahali hewa inapoingilia, anavuta sumu isiyo na harufu wala rangi, na chini inadhuru kuliko juu. Katika hili wazee wa kofia ya shaba walikuwa na kitu asichokuwa nacho yeye: mtu mmoja aliyesimama juu, kamba mkononi, asiyefanya kazi nyingine yoyote.

Ungeniuliza ningependa nini, ningependa aiache kazi hii kwa namna inavyofanywa sasa. Najua si rahisi. Majongoo ya maji mafupi yamekwisha, ndiyo maana wanayafuata chini, na nyumbani watu wanakula. Iwapo daktari atamruhusu kurudi, basi ajifunze kwa mwalimu wa kupiga mbizi aliyethibitishwa, ashuke mara moja au mbili kwa siku, safari ya kina kirefu iwe ya kwanza, apande taratibu isizidi mita tisa kwa dakika, na asimame mita tano kutoka juu kwa dakika tatu angalau. Mapato yatapungua. Sitakuficha hilo. Na kwa pima kumi na nane, hata akifuata yote haya hatari haiishi, inapungua.

Ukimwona baada ya kupiga mbizi ana ganzi, miguu haina nguvu, anashindwa kukojoa, kizunguzungu, kifua kinabana, au anazungumza ovyo, msingoje asubuhi. Mlazeni chali, apewe oksijeni ya hospitali haraka iwezekanavyo, anywe maji kama yuko macho na anameza vizuri. Asikandwe, asipewe pombe, asirudishwe majini, asipandishwe ndege isipokuwa daktari wa wapiga mbizi ameelekeza. Dalili nyingi hutokea ndani ya saa chache, ila zinaweza kuchelewa hata siku nzima. Tiba yake ni chumba cha mgandamizo, na kwenye pwani yetu vyumba hivyo ni vichache mno. Uliza leo kilipo cha karibu. Vituo vinavyowapeleka watalii kupiga mbizi hujua.

Kwa mama, usibishane naye. Dua iendelee, lakini hospitali iwe leo. Na kwa kuwa daktari wa kawaida huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii, akaandika malaria au baridi yabisi kama walivyoandikiwa wale wa Royal George, mwambie mdogo wako akae chini sasa hivi na karatasi: siku ya mwisho alishuka mara ngapi, pima ngapi kila mara, alikaa dakika ngapi, alipanda kwa muda gani, na maumivu yalianza saa ngapi. Aikabidhi karatasi hiyo kabla hajaulizwa lolote.